Adabu za Mashimo Sita

Aliyenifundisha adabu si mama yangu. Mama alihangaika na mimi miaka ishirini na minane akashindwa, kisha mzungu mmoja wa kaptula akanichukua wiki mbili tu, nikanyooka. Nayasema haya kwa sababu watu wa huku wakisikia kwamba zamani niliwahi kufanya kazi kwenye uwanja wa gofu hucheka, wakidhani nilikuwa nafyeka majani. Sikufyeka jani hata moja. Kazi yangu ilikuwa heshima.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hapa hapa Ngara. Wakimbizi wa vita walipovuka daraja la Rusumo, vilima tulivyovizoea na ng'ombe vikageuka buluu na nyeupe kwa shitingi, yale maturubai ya plastiki waliyogawiwa, na nyuma yao yakaja mashirika na magari yao yenye milingoti ya redio. Walimu wakaacha chaki. Wauguzi wakaacha wodi. Karani wa mahakama alionekana akiendesha lori la mahindi. Mimi nilichelewa, maana nilijiona mtu wa maana sana shuleni, na nilipokwenda kuomba ukarani nafasi zilikuwa zimekwisha. Mkuu wa yadi ya malori, yule mzungu wa kaptula, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama Kiingereza nakijua vizuri. Nikasema vizuri sana. Akaniuliza kama naweza kuwaambia watu wanyamaze bila kuwapigia kelele. Nikamjibu mimi ni mwalimu.

Wazungu wa mashirika walikaa kwenye mahema juu ya kilima kilichopakana na kijiji chetu. Sisemi walikuwa watu wabaya. Wiki nzima walikuwa kambini na wagonjwa wa kuhara damu, wakifunga maiti za watoto wa watu kwenye mikeka, na ikifika Jumamosi walitaka kupiga kitu kisicholia. Mkuu ndiye aliyepima mashimo sita kwenye malisho yetu ya kijiji. Serikali ya kijiji ilipewa mabati ya shule, ng'ombe wakahamishiwa bondeni, na makopo ya maziwa ya unga yakazikwa ardhini yawe mashimo. Kuyazunguka makopo hayo palimwagwa mchanga uliokorogwa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na kila kundi likimaliza shimo lilivuta gunia juu ya mchanga kufuta nyayo zake. Bendera zilikatwa kwenye shitingi ileile. Mkimbizi analala chini ya shitingi, na juu ya kilima shitingi inapepea kuonyesha shimo la mpira lilipo. Nilikuwa naiona tofauti hiyo kila Jumamosi na sikuwahi kukosa usingizi.

Mkuu alinitembeza uwanja mzima akinifundisha, nami nikiandika kwenye daftari. Mtu akisimama kupiga, aliye karibu asiseme, asikohoe, asitikisike hata kidole. Kivuli chako kisianguke kwenye njia ya mpira wa mwenzako, na mguu wako usiikanyage njia hiyo, hata kama ni mchanga tu na haina alama yoyote. Ukichimbua nyasi kwa fimbo, unarudisha kile kipande mahali pake na kukikanyaga taratibu. Aliye mbali zaidi na shimo ndiye anayetangulia kupiga. Mpira ukipotea unatafutwa dakika tano, basi. Na kundi linalokwenda polepole likiona nyuma yake kuna watu wenye haraka, linakaa kando na kuwapisha. Hili la mwisho alilirudia mara mbili, akasema ndipo mtu mwungwana anapojulikana. Nikalipigia mstari.

Nilipenda. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo. Nilikulia mahali ambapo adabu ina kelele. Kwetu ukikutana na mtu njiani husemi habari ukapita. Unasimama, unatua mzigo, unauliza ya nyumbani, ya watoto, ya yule aliyekuwa anaumwa, ya ng'ombe, unashukuru, unaulizwa wewe, na anayepita kimya ana lake jambo. Nilichoka nayo tangu utotoni. Pale juu nilikuta watu wanaoheshimiana kwa kutosemeshana, nikaona kumbe hivi ndivyo walivyostaarabika. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Mjinga wenyewe nilikuwa mimi, na mashaka yalikuwa njiani.

Maana njia ilipita palepale. Njia ya kutoka vijijini kwenda hospitali ya misheni, ambayo babu zetu waliikanyaga kabla ya misheni yenyewe, ilikatiza kilima kati ya shimo la tatu na la nne. Wanawake wa kuni walipita hapo, na wa maji, na wanaotoka mnadani, na wakimbizi waliokuwa wakija kulima vibarua kwenye mashamba yetu ya maharage. Na wote walilelewa. Wakimwona mtu mzima amesimama peke yake na fimbo, ameinamisha kichwa, walimhurumia, wakatua mizigo, wakamsalimia kwa kirefu. Mzungu anakosa mpira. Nami naitwa.

Basi nikakinyoosha kijiji. Nilijiwekea kituo penye kichuguu, njia inapoingia uwanjani, na mkono wangu ukipanda juu kila mtu alichuchumaa alipo. Sikupiga mtu. Nilikuwa na njia bora: nilimtazama mtu aliyekosea kama ninavyomtazama mtoto aliyejikojolea darasani, na nikamsemesha Kiswahili cha ofisini mpaka macho yake yakaangalia chini. Bibi mmoja mwenye fimbo ya kutembelea alinisalimia yeye kwanza, mimi mdogo, ili kunifundisha aibu, nikamwambia salamu zake aziweke, hazitaoza. Wakimbizi walikuwa wepesi zaidi. Watu waliopitia yale yaliyotokea ng'ambo ya mto walichuchumaa kwenye nyasi kwa ajili ya mkono wangu, mizigo ya kuni kichwani, wala hawakuuliza kwa nini. Nilikuwa narudi nyumbani nikijisikia mrefu.

Mama yangu alikuwa mkunga wa jadi. Nusu ya kijiji kilipita mikononi mwake kikiwa na utelezi, kwa hiyo hakuna alichokisikia kikamshangaza. Aliposikia ya yule bibi aliniambia, "Mwanangu, heshima si utumwa, lakini na utumwa nao si heshima." Nikamjibu kwamba yeye hajaelimika. Alikuwa anamenya ndizi. Akaendelea kumenya.

Sasa niseme nilichokuwa nakitaka, maana bila hicho nitaonekana kichaa. Kwenye yadi ile kulikuwa na ghala kubwa la vifaa, na mtunza ghala alikuwa ameomba uhamisho wa kurudi kwao Mwanza. Nafasi yake ilikuwa ya kudumu, yenye meza, yenye funguo. Ualimu nilishauacha kwa barua ya majivuno ambayo mwalimu mkuu aliibandika ofisini watu waisome, kwa hiyo huko sikuwa na pa kurudia. Mkuu aliniambia ataniandikia barua ya kunipendekeza, ila mgeni wao mkubwa kutoka makao ya Dar es Salaam anakuja, watacheza shindano, na angependa mgeni aone uwanja ulivyo na utulivu. Hakunitisha. Aliniambia tu, "Siku hiyo nakutegemea wewe." Nilitembea na sentensi hiyo siku kumi nzima.

Nikatengeneza na kibao. Ubao mwepesi, nikaupaka chokaa, nikapigilia mpini, nikaandika kwa rangi nyeusi KIMYA. Mkuu alikifurahia mno. Akasema hata huko kwao kwenye mashindano makubwa wanatumia vibao vya namna hiyo.

Kabla sijaendelea inabidi nieleze kuhusu ingobyi, kwa ajili ya wasioijua. Ni kitanda cha kusukwa, chenye miti miwili mirefu, ambacho wanaume wanne hubeba mabegani kumpeleka mgonjwa hospitalini, na wanne wengine hutembea pembeni kupokezana. Haina mwenyewe, ni ya kijiji. Mgonjwa akizidiwa, mtu anapita nyumba kwa nyumba akigonga, na mwanamume akigongewa anatoka, awe anakula au ana ugomvi na mwenye mgonjwa. Ukikutana nayo njiani unatua ulichobeba na kutoa bega, walau mpaka kilima kinachofuata. Huulizi hali ya mgonjwa. Na kubwa kuliko yote, ingobyi yenye mtu aliye hai haiwekwi chini kabla ya kufika. Wanapokezana ikiwa hewani, bega kwa bega. Inayotuliwa njiani ni ya maiti, waliyemkosa, wanaokaa kumlilia kabla ya kumrudisha. Hayo hakuna mtoto wa Ngara anayefundishwa darasani, na hakuna asiyeyajua.

Siku ya shindano ilikuwa Jumamosi, jua la saa tisa. Mgeni alikuwa mtu mnene, mwekundu, mpole na yeye, aliyekuwa akipiga vibaya na kucheka. Karibu na shimo la kwanza palisimamishwa hema la vinywaji, na kando yake magari mawili. Mashimo mawili ya mwanzo yalikwenda salama. Walipofika la tatu, wakiwa wanne, mkuu, mgeni na wengine wawili, mipira yao yote ilikuwa imetua kwenye mchanga na kimya kilikuwa kimetanda mpaka nikasikia bendera.

Ndipo nikasikia hatua. Sikuhitaji kugeuka. Hatua fupi, za haraka, za watu wanane wanaotembea kwa mguu mmoja, huwezi kuzifananisha na kitu kingine. Nikageuka. Mbele alikuwa fundi baiskeli, jirani yetu, ambaye miaka miwili kabla nilimfundisha kusoma katika darasa la watu wazima. Aliyelala ndani, nikatambua kwa khanga, alikuwa mke wake, mimba ya kwanza.

Nikainua kibao.

Fundi alisimama kwa mazoea, wenzake wakasimama naye. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwarimu, tupishe." Nikakigonga kibao kwa kidole. Akakitazama, midomo yake ikatembea juu ya herufi kama nilivyomfundisha, na akaniambia, "Nimesoma, mwarimu."

Kule mchangani walikuwa wanajadiliana mpira wa nani uko mbali zaidi, maana ndiye wa kuanza. Waliung'oa mlingoti wa bendera, wakapimia. Kila mmoja alitaka mwenzake ndiye atangulie, kwa uungwana. Miti ya ingobyi ikalia mabegani, ule mlio wa mti unaobeba mtu, na mgeni akainua kichwa. Hakukasirika. Alitazama tu huku na huku kama anayetafuta nzi. Mimi nikaona barua yangu inachanika.

Nikawaashiria watue.

Hawakunielewa, au walinielewa na hawakuamini. Nikarudia kwa mkono wote, kiganja chini, jinsi ninavyowakalisha wanafunzi. Wakati huo mama yangu akafika. Alikuwa nyuma kidogo kwa sababu ya magoti yake, na kichwani ana kile kifurushi chake cha ukunga. Akaona kibao, akaona mkono, akaniona. Akasema, bila kupandisha sauti, kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Mwanangu, mtoto amekingama tumboni tangu alfajiri. Pisha njia."

Nikaweka kidole mdomoni. Kumnyamazisha mama yangu, mbele ya wanaume wanane.

Nimewahi kufikiri sana juu ya kile kidole. Naweza kusema sikusikia vizuri, naweza kusema niliogopa, na yote yatakuwa uongo. Nilisikia kila neno, na kilichonijia ni hasira kwamba amenisemesha kwa kelele kazini. Mama akawatazama wale wanaume, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mtoto wake nyumbani kwa watu. Mmoja akavua koti lake, akalitandika kwenye nyasi. Wakaitua.

Yule mwanamke alielewa kwamba ametuliwa. Nilimwona anafumbua macho na kuwaangalia mmoja mmoja, halafu akajua hawalii, kwa hiyo hajafa. Uchungu ulipokuja alikunja upande wa khanga akaung'ata. Naye alikuwa ameshanijua, alishawahi kuchuchumaa pale na kuni zake. Hakutoa sauti mpaka mwisho. Katika watu wote niliowafundisha adabu za uwanja ule, yeye alizishika kuliko wote.

Wachezaji wakacheza. Wa kwanza aliuzunguka mpira, akachutama, akafunga jicho moja, akainuka, akapiga. Wa pili vivyo hivyo. Mkuu aliingiza kwa mara moja. Mgeni akapiga ukapungua, akapiga ukapita, akapiga ukapungua tena, wakamsubiri, hakuna aliyepumua kwa nguvu, na alipouingiza kwa mara ya nne walimpigia makofi kwa vidole, taratibu. Halafu mmoja akavuta gunia juu ya mchanga. Ilikuwa kama robo saa, labda zaidi. Sikuwa na saa wakati ule. Nimepata kuihesabu baadaye.

Nikashusha kibao, nikawaambia, "Haya, piteni, ila msikanyage mchanga."

Mkuu aligeuka kwa sauti yangu. Aliona watu wanainuka kutoka kwenye nyasi, aliona kitanda kinapanda mabegani na mkono wa mwanamke unaning'inia. Alivua kofia. Kisha akakimbia, mtu mrefu vile, akikanyaga mchanga na njia za mipira na kila alichonifundisha nisikanyage, mpaka kwenye hema la vinywaji, akarudi na Landkruza akipita katikati ya uwanja, matairi yakichimbua nyasi. Wakampakia mwanamke pamoja na mume wake na mama yangu. Kutoka pale mpaka hospitali ya misheni kwa gari si zaidi ya kuvuta sigara moja. Gari lilikuwa pale muda wote. Mimi nilikuwa naliona nikiwa nimesimama. Waliobeba ingobyi hawakuliona kwa sababu nilikuwa nimewachuchumaza na nyasi zilikuwa ndefu.

Walimpasua. Mwanamke alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa, na mwanamke yule hakupata mwingine. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba robo saa ile ndiyo iliyomuua, maana walimleta kwa kuchelewa tangu nyumbani. Nililikumbatia neno hilo la daktari kwa miaka. Nililitumia kila mahali, hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Jioni mkuu aliniita. Alikuwa hajaoga, suruali ina damu. Akaniuliza kwa nini sikumwita. Nikamjibu ukweli, "Ulikuwa unapiga." Akatazama mikono yake. Nilitegemea anifukuze. Natamani angenifukuza. Lakini alikuwa mtu wa haki, na nadhani alijiona yeye ndiye aliyenitengeneza, na mtu hawezi kumpiga punda aliyemfunga mwenyewe. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo wagonjwa wapite wakati wowote, na akaniomba niongeze hayo kwenye ubao wa kanuni uliosimama mwanzo wa uwanja. Nikaongeza, kwa rangi ileile nyeusi, mstari wa mwisho: WAGONJWA WAPISHWE. Mwandiko wangu ni mzuri. Wiki iliyofuata barua ikatoka, nikasomewa kwamba mimi ni mtu mwenye nidhamu ya hali ya juu, nikapewa meza na funguo.

Nilijiandaa kutukanwa kijijini. Nilikuwa na majibu yote tayari, la daktari likiwa la kwanza. Hakuna aliyenitukana. Fundi baiskeli nilipokutana naye aliegemeza baiskeli, akanipa mkono, akauliza habari za kazi, za mama, za afya yangu, akashukuru, akasubiri nimuulize na mimi. Mke wake, alipopata nguvu za kutembea, alinisalimia kwa mikono miwili. Kijiji kizima kilinisalimia hivyo, kwa ukamilifu, neno kwa neno, kama watu wanavyomsalimia mkaguzi wa elimu. Nilipopeleka sukari msibani ilipokelewa kwa heshima, nikapewa kiti wakati wenzangu wamekaa chini. Kitu kimoja tu ndicho kilichokwisha. Ingobyi ilipohitajika, waliogonga milango waliuruka mlango wangu. Nilikuwa nawasikia: kwa jirani wa kushoto wanagonga, halafu hatua zinapita mbele ya ukuta wangu, halafu wanagonga kwa jirani wa kulia. Mara ya kwanza nilidhani wamesahau. Nikatoka nikawafuata, nikawakuta njiani, nikatoa bega. "Asante, mwarimu," wakaniambia, "tunatosha." Walikuwa watatu tu kwenye miti ya watu wanne, na mmoja wao mzee.

Mama hakuwahi kuizungumzia siku ile. Alinipikia, alinifulia, alikula mchele nilioleta kutoka kazini. Nami nikajiambia kwamba mama ni mama, amesamehe, na kwamba wengine wana wivu wa funguo zangu. Ndivyo nilivyoishi, nikiwa na cheo na nikiwa nasalimiwa.

Kisha wakimbizi wakarudishwa kwao. Siku chache tu, barabara imejaa vichwa na magodoro mpaka Rusumo, na vilima vikabaki na mashimo ya vyoo na visiki. Mashirika yakafunga yadi. Ghala likahesabiwa, funguo zikachukuliwa, mkuu akanipa mkono na kofia yake, akaondoka. Ng'ombe wakarudi juu ya kilima. Nikabaki nyumbani na jembe, mtu mzima, nikijifunza kulima maharage.

Mwaka uliofuata mama aliugua. Alianza na homa, na siku ya tatu asubuhi akawa hawezi kugeuza shingo. Nikajua gari hakuna tena. Nikatoka kwenda kugonga mwenyewe, mlango wa kwanza ukiwa wa fundi baiskeli, kwa sababu ingobyi ilitunzwa kwake. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti. Haikuhitajika. Aliacha uji wake mezani akainuka, na kabla sijamaliza njia ya kurudi wanaume walikuwa tisa uani kwetu, wengine wao siku hizo tulikuwa hatuongei chochote zaidi ya salamu. Walimwinua mama kama yai. Nilisimama pale nikalia kwa shukrani, nikasema moyoni yameisha.

Kwetu mtoto wa kiume wa mgonjwa ndiye anayeshika mti wa mbele, kulia, wakati wa kutoka nyumbani. Hata akiwa dhaifu anashika hatua kumi za kwanza, ndipo apokewe. Nikauendea. Fundi alikuwa ameshaushika. Akaniangalia bila ubaya wowote na kusema, "Wewe pumzika, mwarimu. Beba kifurushi cha mama." Nikamwambia huyu ni mama yangu. Akasema, "Tunajua, baba." Wakaondoka.

Nilitembea nyuma pamoja na wanawake, kifurushi kichwani, safari yote. Mara nne walipokezana na mara nne nilikwenda mbele kutoa bega, na kila mara lilikuwapo bega jingine lililowahi. Hawakunisukuma. Walijaa tu. Watu tuliokutana nao njiani, wengine wa vijiji vya mbali wasionijua, walitua mizigo yao wakaingia, wakabeba, wakatoka. Mpita njia asiyejua hata jina la mama yangu alimbeba kuliko mimi. Hawakuiweka chini popote mpaka kwenye kibaraza cha hospitali.

Jioni homa ilishuka kidogo, akaweza kuongea kwa kirefu. Wanaume walikuwa wameshapita kitandani mmoja mmoja kuaga, naye akawashukuru mmoja mmoja, akimtaja kila mtu na siku aliyompokea akizaliwa. Tulipobaki wawili, hasira niliyokuwa nimeimeza tangu asubuhi ikanipanda. Nikamwambia watu hawa ni wakatili. Kwamba wananilipiza kisasi kupitia kwake, mgonjwa, asiye na kosa. Kwamba nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, maana hakuna mila inayomzuia mtoto kumbeba mzazi wake.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Ndivyo alivyokuwa.

"Usiende kwa mwenyekiti," akasema. "Wao walitaka kukupa. Ni mimi niliyewaambia wasikupe, ulipokuwa bado njiani."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilitaka nifike bila kuwekwa chini."

Alilisema bila uchungu, kama anavyoagiza chumvi. Kisha akaniomba nimgeuze upande wa ukutani, nikamgeuza, nikamfunika miguu. Alikaa pale siku sita na hakufa kwa ugonjwa ule, aliishi miaka mingine saba ndani ya nyumba yangu, tukila sahani moja. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo mama, na kila asubuhi aliitikia marahaba.